Jina la Mtumaji Si Ushahidi: Pakiti Ghafi na Wi-Fi ya Dukani Kwako

Swali hili huulizwa sana na wenye maduka, mikahawa na nyumba za wageni hapa Pwani: mtu aliyekaa meza ya pili, akiwa kwenye Wi-Fi hii hii yangu, je, aweza kuona ninachotuma? Na aweza kujifanya kuwa yeye ndiye mimi? Jibu la haraka ni kwamba inategemea. Jibu kamili lataka tushuke chini kidogo, hadi pale ambapo programu huacha kuiachia kompyuta kazi ya kupeleka ujumbe na kuanza kuandika yenyewe, baiti kwa baiti, kile kitakachopita kwenye waya au hewani. Mafundi hukiita pakiti ghafi.

Usidhani hii ni elimu ya wachache waliojifungia maabara huko Ulaya. Kijana anayejua lugha ya C kiasi, mwenye kompyuta ya Linux, aweza kuandika programu ya kupokea pakiti ghafi kwa jioni moja. Ndiyo maana yafaa mwenye duka aelewe jambo hili, hata kama hatawahi kuandika mstari mmoja wa programu maishani mwake.

Tuanze na mzigo wa kwenda Lamu. Wataka kumpelekea dada yako kifurushi. Juu ya boksi unaandika jina lake na mtaa wake, na pembeni jina lako. Boksi lapakiwa kwenye basi Mombasa. Basi likifika Mokowe barabara imekwisha, basi boksi lashushwa, laingia botini, lavuka. Njia nzima majina mawili uliyoyaandika hayakubadilika. Kilichobadilika ni chombo na karatasi yake: ya basi ilisema kutoka Mombasa hadi Mokowe, ya boti yasema kutoka Mokowe hadi Lamu.

Pakiti ya mtandao ina anwani za aina mbili kwa sababu hiyo hiyo. Nje kabisa kuna kichwa cha Etherneti, chenye baiti 14: sita za kifaa kinachopokea, sita za kifaa kinachotuma, na mbili za kueleza kilichomo ndani ni cha aina gani. Hiyo ndiyo karatasi ya basi. Kila ruta huitupa na kuandika nyingine kwa safari inayofuata. Ndani yake kuna kichwa cha IP, kwa kawaida baiti 20, chenye anwani ya mtumaji wa mwanzo na mpokeaji wa mwisho. Kanuni zake ziliandikwa Septemba 1981, Jon Postel akiwa mhariri, na hadi leo sehemu kubwa ya intaneti yazifuata. Ruta ya nyumbani huweza kufuta anwani yako na kuweka yake, lakini hilo ni somo la siku nyingine. Ndani zaidi huja TCP au UDP, kisha ujumbe wenyewe. Kwenye mtandao wa kawaida kilichomo ndani ya fremu moja hakizidi baiti 1500, ndiyo sababu picha moja ya arusi hukatwakatwa ikawa pakiti mamia kwa maelfu.

Sasa rudi kwa lile boksi. Jina lako la mtumaji, nani alilithibitisha? Karani wa ofisi ya basi hakuomba kitambulisho. Aliangalia boksi linakwenda wapi, akapokea nauli, akaliweka. Ungaliandika jina la jirani yako, boksi lingalifika vilevile.

Kwa kawaida programu hazigusi mambo haya. Kivinjari chako huiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, "niunganishe na tovuti fulani, peleka maneno haya". Kerneli ndiyo karani: inaandika vichwa vyote, inahesabu, inatuma, na jibu likirudi inachana karatasi zote za juu na kumpa mwenyewe barua tupu. Programu haioni hata bahasha moja.

Soketi ghafi ni ruhusa ya kuingia nyuma ya kaunta. Kwenye Linux mstari wake ni huu:

int s = socket(AF_PACKET, SOCK_RAW, htons(ETH_P_ALL));

Maana yake: nipe nakala ya kila fremu inayopita kwenye kadi ya mtandao, inayoingia na inayotoka, kama ilivyo, bila kuondoa kichwa. Baada ya hapo programu huita recvfrom na kupewa safu ya baiti. Ukihesabu kuanzia sifuri, baiti ya 12 na ya 13 zaeleza aina: 0x0800 ni IP, 0x0806 ni ARP, ambayo tutaifikia. Kichwa cha IP chaanza baiti ya 14. Baiti ya 22 ni idadi ya ruta ambazo pakiti bado yaruhusiwa kupita kabla ya kutupwa. Ya 23 yasema kilichofuata ni nini: 1 kwa ICMP, 6 kwa TCP, 17 kwa UDP. Anwani ya mtumaji iko 26 hadi 29, ya mpokeaji 30 hadi 33. Ukizijua namba hizo chache tayari waweza kusoma.

Lile neno htons limewatesa wanafunzi wengi. Kompyuta nyingi tunazotumia huhifadhi namba ya baiti mbili kwa kuanza na baiti ndogo, lakini kanuni za mtandao zataka baiti kubwa itangulie. Sisi wa Pwani tusishangae sana, kwani mtoto wetu akienda chuoni asubuhi anaanza mstari kulia, na akienda skuli anaanza kushoto, na hakuna anayekosea ila yule aliyesahau yuko darasa gani. Kazi ya htons ni kugeuza. Ukiisahau, namba 3 yasomwa 768, kerneli yadhani unataka aina ya pakiti ambayo haipo, na programu yako inakaa kimya kana kwamba mtandao umekufa. Haitoi kosa lolote. Inangoja tu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba unachopata ni nakala. Kerneli inaendelea na kazi yake kwa pakiti ya asili kana kwamba hukuwepo. Na nakala hiyo huchukuliwa mapema, kabla ya ukuta wa ulinzi wa kompyuta kuamua ipite au itupwe. Hivyo mtu aweza kuona pakiti kwenye tcpdump, akaapa kwamba imefika, na hali programu iliyokusudiwa haikuipata kamwe. Wote wawili wasema kweli.

Ruhusa hii haipewi kila mtu. Yataka uwe msimamizi wa kompyuta, yaani root, au programu ipewe uwezo uitwao CAP_NET_RAW. Programu ya ping, ambayo Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 na kuipa jina la mlio wa chombo cha nyambizi kinachopima umbali kwa mwangwi, kwa miaka mingi ilibidi ipewe nguvu za root ili ifanye kazi ndogo tu: kutuma ICMP ya aina ya 8 na kungoja ya aina ya 0. Wazee wa saiba za Mombasa watakumbuka ping ya kabla ya 2009, wakati pakiti za kwenda ng'ambo zilipanda setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka, kisha jibu likapanda tena. Mwanga wenyewe hauwezi kuifanya safari hiyo ya kwenda na kurudi chini ya karibu nusu sekunde. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi Mombasa mwaka huo, tofauti ilionekana hata na asiyejua ping ni nini.

Kutuma ndiko kwenye utamu na hatari. Ziko njia mbili. Ya kwanza, unaandika kichwa cha IP mwenyewe na kuiachia kerneli fremu ya nje. Kwa njia hii kerneli bado yakusaidia: urefu wa pakiti na hesabu ya uhakiki huzijaza yenyewe kila mara, upende usipende. Lakini anwani ya mtumaji huijaza tu ukiacha sifuri. Ukiandika namba yoyote nyingine, yaichukua na kuituma. Njia ya pili ni AF_PACKET, ambapo kila baiti ni yako, tangu ya kwanza ya Etherneti. Karani hayupo tena. Ukikosea hesabu ya uhakiki, ruta itaitupa pakiti bila kukuambia neno.

Wengi wakishafika hapa hujaribu kuanzisha muunganisho wa TCP kwa mkono. Wanatuma pakiti ya kubisha hodi, iitwayo SYN, kwa kompyuta yao ya pili. Jibu larudi, wanaliona kwa macho yao, na mara muunganisho wakatwa. Anayeukata ni kerneli ya kompyuta yao wenyewe. Imeona jibu la hodi ambayo haikumbuki kuipiga, na kanuni yasema jibu kama hilo lirudishwe na RST, yaani "hakuna mwenye habari hizi hapa". Dawa ni kuiambia kompyuta yako, kwa kanuni ya ukuta wa ulinzi, isitoe RST hizo wakati wa majaribio. Kumbuka tabia hii ya RST, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kikwazo katika kisa mashuhuri kuliko vyote vya jina la uongo.

Siku ya Krismasi ya 1994 huko California, kompyuta za mtafiti Tsutomu Shimomura zilivamiwa, katika tukio lililokuja kuhusishwa na Kevin Mitnick. Moja ya kompyuta hizo ilikuwa ikiiamini nyingine kwa kuangalia anwani yake tu. Anwani ikiwa ile, mlango wazi, hakuna neno la siri. Mvamizi alituma pakiti zenye anwani ya kompyuta iliyoaminiwa. Majibu, bila shaka, hayakuja kwake, yalikwenda kwa mwenye anwani wa kweli, naye angetoa RST na kuharibu mpango. Kwa hiyo mvamizi alianza kwa kumziba mdomo, akimfurikia hodi za uongo mpaka akashindwa kujibu. Ikabaki namba ya mfuatano ambayo kila upande wa TCP humpa mwenzake, na ambayo hakuweza kuiona. Aliikisia. Kwenye kompyuta ile namba hiyo ilikuwa ikiongezeka kwa 128,000 kila muunganisho mpya, na kukisia kitu kinachopanda ngazi sawasawa si kazi kubwa. Robert T. Morris wa Bell Labs alikuwa ameeleza udhaifu wa namna hii mwaka 1985. Miaka tisa watu walisoma wakaendelea na shughuli zao.

Leo namba hizo huchaguliwa kwa namna isiyokisika kirahisi. Dawa ya jina lenyewe ni ya kikarani zaidi: Mei 2000 wahandisi wa intaneti walitoa mwongozo uitwao BCP 38, unaowataka watoa huduma wazitupe pakiti zinazotoka kwa wateja wao zikiwa na anwani zisizo za wateja hao. Ni kama karani wa Mombasa kukataa boksi linalosema limetumwa kutoka Kisumu ilhali aliyelibeba amesimama mbele yake. Si watoa huduma wote duniani wanaofanya hivyo, na kwa maoni yangu huo ni uvivu zaidi kuliko ugumu. Ndiyo maana bado kuna mashambulizi ambamo mtu hutuma maswali madogo kwa maelfu ya kompyuta akiandika anwani ya adui yake kama mtumaji, na majibu makubwa yakamwangukia huyo adui.

Turudi mkahawani, kwani hapo anwani ya IP si tatizo kubwa. Tatizo ni ile karatasi ya basi.

Simu yako yataka kupeleka pakiti kwa ruta. Anwani ya IP ya ruta inaijua, lakini ili iandike fremu yahitaji ile anwani ya baiti sita. Basi inapaza sauti kwa wote: "Nani mwenye anwani hii?" Ruta yajibu: "Mimi, na anwani yangu ya kifaa ni hii." Mazungumzo hayo ndiyo ARP. David Plummer aliyaandika Novemba 1982, wakati kompyuta zilizounganishwa pamoja zilikuwa za watu wanaojuana. Ujumbe mzima ni baiti 28, na ndani yake hakuna hata baiti moja ya kuthibitisha kwamba anayejibu ndiye. Vifaa vingi hukubali jibu hata bila kuuliza swali, na kusahihisha kumbukumbu zao kwa hilo jibu jipya.

Umeshaona linakoelekea. Mwenye soketi ghafi aandika baiti 28 zisemazo "ruta ni mimi", atanguliza 14 za Etherneti, anatuma kwa simu yako. Anamwambia ruta vivyo hivyo, kwamba yeye ndiye simu yako. Kuanzia hapo kila pakiti yako yapitia kwake, naye aisukuma mbele ili usishtuke. Bila ujanja huo, kwenye Wi-Fi ya siku hizi yenye neno la siri, kadi yake ingepata zaidi zile zake tu na zile zinazotangazwa kwa wote.

Anaona nini basi? Tovuti ikiwa ya HTTPS, barua ya ndani imefungwa kwa ufunguo ambao hana. Ataona ulikwenda tovuti gani, saa ngapi, na kiasi gani kimepita, lakini si neno lako la siri wala ujumbe wako. Tena tovuti ya kweli hujitambulisha kwa cheti, na cheti hicho hawezi kukighushi kwa kuandika pakiti. Hapa ndipo utambulisho halisi ulipohamia: bahasha haiaminiki, kwa hiyo uthibitisho umetiwa ndani ya barua. Ndiyo sababu kivinjari kikikuonya kwamba cheti hakilingani, na wewe uko kwenye Wi-Fi ya watu, usibonyeze kuendelea. Onyo hilo ndilo karani pekee aliyebaki anayeomba kitambulisho.

Lakini dukani kwako kuna vitu visivyo na kufuli hilo. Kamera za ulinzi za bei nafuu, printa, kompyuta ya kaunta inayoongea na kompyuta ya stoo kwa programu iliyoandikwa zamani, na ukurasa wa ruta yenyewe, ambao mara nyingi bado una neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Vyote hivyo vikiwa kwenye Wi-Fi moja na wateja, mgeni yeyote anayekunywa kahawa yuko chumba kimoja na kaunta yako. Ruta nyingi zinazouzwa leo zina mtandao wa pili wa wageni na chaguo la kuzuia vifaa visionane. Huhitaji kununua kitu. Mwambie fundi aliyekufungia mtandao atenganishe wageni na biashara, na akisema haina haja, tafuta fundi mwingine.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza, neno moja la sheria. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 imeharamisha kunasa mawasiliano ya watu bila idhini. Kujaribu kwenye Wi-Fi ya mkahawa "kuona tu kama inafanya kazi" ni kosa lile lile. Kompyuta mbili na waya mmoja zatosha, au mashine pepe mbili ndani ya kompyuta moja. Kama huna ya pili, anza na kiolesura kiitwacho lo, ambacho kompyuta huongea nacho peke yake.

Na zoezi la kwanza lenye faida ni la kulinda. Fungua soketi ghafi kwenye mtandao wa nyumbani kwenu, lakini badala ya ETH_P_ALL weka ETH_P_ARP ili upate ARP pekee. Soma kila jibu linalodai kuwa ruta: anwani ya kifaa ya mtumaji iko baiti ya 22 hadi 27, ya IP iko 28 hadi 31. Hifadhi ya kwanza unayoiamini. Ikija tofauti, andika saa na anwani zote mbili kwenye faili. Si kila badiliko ni shambulio, kwani hata kubadilisha ruta mbovu kutaleta onyo. Lakini programu hiyo haizidi mistari mia moja ya C, na duka lenye kompyuta ya zamani isiyo na kazi laweza kuiacha ikisikiliza usiku na mchana.